Ini Langu na Sindano ya Bwana Mganga

Walituchukua sisi wanawake kwa sababu wanaume hawakupatikana. Hiyo ndiyo sababu yenyewe, na sitaipamba. Askari wa Mdachi walipofika kwetu, upande wa Milola, mtama ulikuwa umeshavunwa na umejaa ghalani. Wakatia moto ghala, wakatia moto nyumba, kisha wakakusanya kila mwanamke waliyemkuta, wakasema tutakaa Lindi mpaka waume zetu watoke msituni na kusalimisha silaha. Mume wangu alikuwa msituni. Nilijua alikokuwa amejificha na wenzake, na niliazimia siku ileile kwamba neno hilo halitatoka kinywani mwangu.

Nilikuwa kijana bado, sijazaa. Pamoja nami alikuwepo mama mdogo, mdogo wake marehemu mama yangu, ambaye ndiye aliyenilea. Tulipelekwa kwa miguu kupitia Mingoyo, tumefungwa kamba viunoni, mmoja nyuma ya mwenzake. Mama mdogo alikataa kuinamisha kichwa. Kila tulipopita mbele ya baraza lenye watu alinyanyua shingo, akawasalimu kama mtu anayekwenda harusini. Wengine waliitikia, wengine walitazama miguu yao.

Lindi tuliwekwa katika ua uliozungushiwa miti, nyuma ya boma la Wajerumani. Kazi yetu ilikuwa kubeba mawe ya ukuta na ya barabara. Chakula kilikuwa kidogo, lakini njaa tuliizoea upesi kuliko maji. Maji tuliyopewa yalichotwa kwenye shimo lililokuwa chini ya ua, mteremkoni, na juu yake ndipo tulipokwenda haja sote. Mvua ikinyesha kidogo, kila kitu kiliteremka shimoni. Tuliyachuja kwa nguo, tukayanywa, kwa kuwa hatukuwa na mengine. Haukupita muda tukaanza kuhara damu. Wanawake wawili wa upande wa Kikole, waliokamatwa baada yetu, walikufa kwa kuhara huko, tukawazika wenyewe, tukawasomea tulichokijua.

Mimi nilihara, nikapona, nikadhani yamekwisha. Kisha, baada ya majuma kadhaa, ndipo ugonjwa wenyewe ulipoanza.

Ulianza kama uchovu. Halafu ikaja homa ya jioni, ya kutetemeka, na baada ya homa jasho jingi hata kanga naikamua. Chini ya mbavu za kulia palikuwa na uzito, kama mtu ameniwekea jiwe ndani na kusahau kulitoa. Nikivuta pumzi ndefu, maumivu yalipanda mpaka bega la kulia. Nikakonda. Wenzangu walikuwa wamekonda kwa njaa, lakini mimi nilikonda huku upande mmoja wa tumbo ukivimba.

Ombasha, yule mkuu wa askari waliotulinda, hakuona kidonda popote, na mtu asiye na kidonda kwake alikuwa mzima. Asubuhi moja nililitua kapu la mawe, nikakaa chini.

"Nyanyuka," akasema.

"Siwezi."

"Uvivu."

Akanipiga kiboko mgongoni. Nikamwambia, "Unaweza kunipiga mpaka jioni. Kapu hili halitatoka hapa kwa kichwa changu."

Sikusema hivyo kwa ushujaa. Nilikuwa nimefika mahali ambapo kiboko kiliuma kidogo kuliko kunyanyuka. Alinipiga tena, kisha mama mdogo akaja, akajitwika lile kapu juu ya la kwake, akaenda nayo yote mawili, huku akimtazama yule ombasha usoni.

Palikuwa na daktari Mjerumani mmoja pale Lindi, ambaye sisi tulimwita bwana mganga. Kazi yake ilikuwa Wazungu na askari. Sisi mateka hakutujia, ila alikuwa akipita kando ya ua wetu kwenda kwenye nyumba ya wagonjwa, akifuatana na mkalimani wake, mtu wa Lindi mjini, wa makamo, mwenye kanzu safi daima. Mama mdogo aliisoma njia yao. Siku moja, tukitoka kazini, akajitoa mstarini akasimama katikati ya njia, mikono kiunoni.

"Mwambie bwana wako," akamwambia mkalimani, "ndani ya ua huu yumo mtu anaoza akiwa hai. Apite basi, lakini ajue."

Mkalimani alisita. Bwana mganga akauliza kimesemwa nini, akaambiwa. Akanitazama mimi, maana nilikuwa nimeegemea mti nikihema. Akaja, akanivuta kope la chini kwa kidole gumba, akatazama weupe wa jicho. Akasema neno, na mkalimani akasema, "Kesho asubuhi uletwe nyumba ya wagonjwa."

Jioni ile uani paligeuka baraza. Wengi walisema nisiende. Habari iliyokuwa imeenea ni kwamba Mzungu anawapasua waliokunywa dawa ya maji, anatafuta kama bado imo tumboni. Lazima niseme hapa, kwa wasiojua, kwamba ile dawa ya maji tuligawiwa kabla ya vita, na tuliambiwa itazigeuza risasi za Mdachi kuwa maji. Mimi niliinywa. Mume wangu aliinywa. Kila mtu mzima wa kwetu aliinywa, na watakaowaambia kwamba hawakuinywa wanawaficha.

"Akinipasua atakuta njaa," nikawaambia. "Nitakwenda. Lakini hatanipasua."

Mama mdogo alitaka kujua nitamzuiaje. Nilijua tu kwamba kila kitu changu kingine walikwisha kukishika, nyumba, chakula, miguu yangu, na kwamba tumbo lilikuwa bado langu.

Nyumba ya wagonjwa ilikuwa chumba kirefu cha mawe, kimepakwa chokaa, kina harufu ya dawa kali inayokereketa pua. Ombasha alitupeleka, mimi na mama mdogo, akasimama ndani mlangoni. Bwana mganga alikuwa mtu mrefu, mwenye miwani, kijana kuliko nilivyodhani. Hakunisalimu. Lakini alipoanza kazi, mikono yake ilikwenda polepole, nami nikaona kwamba ana haja ya kujua. Sikumhesabu kuwa mwema. Nilimhesabu kuwa mtu mwenye shauku, na mtu wa namna hiyo angalau anasikiliza.

Alitaka kuuona mkojo wangu. Alitaka hata kuuona uchafu wa choo. Mkalimani alipolisema hilo alitazama dirishani kwa haya, na mama mdogo akacheka, kicheko cha kwanza tangu Milola.

"Mwambie akachungulie lile shimo letu la maji," akasema, "atauona wa watu wote."

Mkalimani hakulitafsiri. Baadaye alinieleza kwa nini Mzungu alitaka kuona. Ini hutengeneza nyongo, na nyongo ina njia yake nyembamba ya kuteremkia matumboni. Njia hiyo ikiziba, macho huwa manjano kama bizari, mkojo huwa mweusi, na choo huwa cheupe kama chokaa. Macho yangu yalikuwa na umanjano kidogo tu, na choo kilikuwa na rangi yake. Kwa hiyo, alisema bwana mganga, njia ya nyongo iko wazi. Ubaya umo ndani ya ini lenyewe.

Kisha akanilaza chali, akaweka kidole kimoja juu ya mbavu zangu, akakigonga kwa kidole cha mkono wa pili. Aligonga kuanzia juu ya titi akiteremka. Juu palilia kama mtungi mtupu. Akashuka kidogo, mlio ukafa, ukawa kama kugonga gogo bichi. Pale ulipofia akachora mstari kwenye ngozi yangu kwa kaa la moto lililozimika. Akagonga upande wa chini, akachora tena. Nilipoinua kichwa nikaliona ini langu limechorwa juu yangu, kubwa, limepanda kifuani na kushuka chini ya mbavu. Nilishangaa kwamba mtu anaweza kujua mipaka ya kitu asichokiona kwa kukigonga tu.

"Onyesha panapouma zaidi," mkalimani akasema. "Kwa kidole kimoja."

Nikaweka kidole kati ya mbavu mbili, ubavuni. Bwana mganga akapabonyeza papo hapo, nikaona nyota.

Akasimama, akasema maneno mengi kwa Kijerumani. Mkalimani akaniambia, "Anasema huenda kuna jipu ndani ya ini. Huenda. Anataka kukulaza kwa dawa ya usingizi, akupasue, aone."

"Hapana."

"Anasema usipotibiwa utakufa."

"Mwambie nimesikia. Akitaka kunipasua na angoje niwe maiti, hapo sitamzuia. Nikiwa hai simpi ruhusa."

Hapo ombasha akaingilia. Alisema bwana mkubwa wa boma ameagiza kwamba mwanamke huyu akitaja mahali alipo mume wake atatibiwa, atalala kitandani, atakula wali. Asipotaja, arudi kwenye mawe. Alisema kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi.

Mama mdogo alinitazama.

"Mume wangu yuko aliko," nikasema. "Kama bei ya ini langu ni yeye, nitakufa nalo."

Bwana mganga akauliza kinachosemwa. Mkalimani angeweza kulilainisha, kwa kuwa ndiyo kazi aliyozoea, lakini safari hii, nadhani, alitafsiri kama nilivyosema, maana uso wa yule Mzungu ulibadilika. Alimwambia ombasha maneno mafupi, na ombasha akatoka nje akavuta mlango. Sikujua alimwambia nini, na mkalimani hakuniambia. Yawezekana hakupenda mtu wa bunduki aingie katika kazi yake.

Akaenda kabatini, akarudi na kisanduku. Ndani yake mlikuwa na sindano ndefu kuliko kidole changu cha kati, nyembamba, yenye tundu katikati, na bomba la kioo la kuvutia. Mkalimani akaeleza. Bila kunipasua, sindano ingepita kati ya mbavu mpaka kwenye ini, na bomba lingevuta kilichomo. Kukiwa na usaha, utaonekana kwenye kioo. Kusipokuwa na usaha, tundu litajifunga lenyewe. Ilikuwa njia ya kuchungulia, si kisu.

"Nipe niishike," nikasema.

Mkalimani alinitazama kama niliyeomba bunduki. Lakini akamwambia, na bwana mganga, baada ya kufikiri, akaniwekea mkononi. Ilikuwa nyepesi, baridi. Nilichungulia tundu lake dirishani, nikaona mwanga upande wa pili. Nikaitazama mpaka nikaizoea. Nikampa mama mdogo naye aione.

"Nitakubali," nikasema. "Lakini sifungwi kamba. Silazwi usingizi. Mlango wa nyuma uwe wazi, mama akae kichwani pangu. Na kabla haijaingia aniambie, kisha angoje niitikie."

Mkalimani aliyahesabu masharti hayo kwa vidole alipokuwa akiyatafsiri. Bwana mganga alisikiliza akifuta miwani. Alikubali yote, ila akaongeza lake moja: sindano ikiwa ndani nisivute pumzi hata kidogo. Ini huenda na pumzi, hupanda na kushuka. Likisogea juu ya sindano iliyosimama, litachanika, na damu itamwagika ndani mahali ambapo hakuna mkono wa kuizuia. Tukajaribu kwanza bila sindano. Mkalimani alisimama mbele yangu, akatoa pumzi, akafunga mdomo, nami nikafuata. Tukafanya hivyo mpaka mishipa ya shingo ikamsimama, na mama mdogo akamwambia apumzike asije akawa mgonjwa yeye.

Sindano ilichemshwa. Bwana mganga alinawa mikono muda mrefu, akapaka ubavu wangu ile dawa inayowasha. Niliinua mkono wa kulia juu ya kichwa, mama mdogo akaushika.

"Yuko tayari," mkalimani akasema. "Anangoja."

"Na aje," nikasema, nikatoa pumzi, nikafunga.

Ngozi iliuma kama mwiba wa kawaida. Kisha likaja lile nisilolitegemea, si maumivu makali bali msukumo mzito ndani kabisa, na uchungu uliokwenda moja kwa moja begani, kana kwamba bega ndilo lililochomwa. Nilimwona akivuta bomba. Kioo kikabaki kitupu, kisha ikaja damu kidogo. Akachomoa. Nikavuta pumzi kama mtu aliyetoka chini ya maji.

Akatikisa kichwa, akasema neno.

"Hakupata kitu," mkalimani akasema. "Anasema basi ni lazima kisu."

Ningeweza kulia. Badala yake nilikasirika, na hasira ilinipa nguvu kuliko uji wote niliokunywa pale Lindi. "Mwambie aliniahidi sindano itachungulia. Imechungulia mlango mmoja. Ini alilichora mwenyewe hapa, kubwa hivi. Na aichungulie nyumba yote kabla hajaibomoa."

Bwana mganga alipoambiwa aliangalia ule mchoro wa kaa juu ya ngozi yangu. Akabonyeza tena, polepole, kati ya ubavu na ubavu. Nikamwonyesha kwa mdomo palipozidi. Alichomeka mara ya pili, juu kidogo na nyuma kidogo ya pale pa kwanza, baada ya kusema na kungoja niitikie, kama tulivyopatana.

Safari hii niliona kwa macho yangu. Bomba lilijaa. Haukuwa usaha wa jipu la mguu, wa manjano, bali kitu kizito, chekundu cha kahawia, rangi ya ukwaju uliolowekwa usiku kucha. Hakikunuka. Mama mdogo alisema "Alhamdulillahi" kwa sauti ndogo, na ni ajabu kushukuru kwa kuona usaha, lakini mimi pia nilishukuru. Majuma yote yale niliambiwa ni uvivu. Sasa uvivu wangu ulikuwa ndani ya kioo, mikononi mwa Mjerumani, na angeweza kuuonyesha kwa yeyote atakaye.

Kwa njia ileile akaingiza chuma kingine, kinene kidogo, chenye tundu kama bomba na ncha ndani yake. Akaitoa ncha, akapitisha mrija wa mpira, akauacha ubavuni pangu ukidondosha kwenye bakuli. Hilo liliuma kuliko yote, na nilimng'ata mama mdogo mkono, akaniacha ning'ate. Lakini siku ile homa ya jioni haikuja. Nililala ubavu, jambo nililokuwa nimelisahau.

Nilikaa katika nyumba ya wagonjwa mrija ukidondosha, mpaka ukakauka. Siku moja bwana mganga alikuja na Wazungu wageni waliovaa nguo za jeshi. Mkalimani akaniambia nifunue tumbo, wanataka kuona. Nikajifunga kanga vizuri zaidi.

"Anaponitibu namfunulia," nikasema. "Hawa hawatibu."

Wageni wakangoja. Bwana mganga akawa mwekundu, akawaeleza kwa mikono yake, juu ya koti lake mwenyewe, mahali alipochoma. Wakaondoka. Nilidhani angenifukuza, hakunifukuza, ila kwa siku mbili hakunisemesha.

Aliponisemesha tena aliuliza, "Uliyanywa yale maji ya vita?"

Mkalimani aliuliza kwa sauti ya chini, na nikaona macho yake yakinisihi niseme hapana. Watu walinyongwa kwa swali hilo.

"Niliyanywa," nikasema.

Bwana mganga akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata alichokitafuta. Akasema jipu la namna hii hutokana na kuhara damu, na kuhara damu hutokana na maji machafu. Akasema, basi waganga wetu walitunywesha ugonjwa, na huo ndio uchawi wao wote.

Niliinuka nikakaa. "Muulize, kuhara kwangu kulianza lini. Maji ya vita niliyanywa kwetu, nikalima, nikavuna, sikuumwa hata tumbo. Nilihara hapa. Maji ninayokunywa hapa yanatoka kwenye shimo lililo chini ya choo, na tumepewa na nyinyi. Na wenzangu wawili waliokwisha kufa kwa kuhara, nao waliyanywa haya yenu. Kama ni uchawi, basi uko nyuma ya boma, aende akautazame."

Mkalimani alichukua muda kuyapanga maneno hayo. Bwana mganga alivua miwani, akavaa, akatoka. Kutoka dirishani tulimwona akizunguka nyuma ya boma, peke yake, akasimama pale shimoni.

Niliporudi uani, niliwaeleza wenzangu alichosema: maji huleta kuhara, kuhara huleta jipu la ini, jipu huua. Niliwaambia si maneno yangu, ni ya Mzungu wao wenyewe. Lakini shimo halikubadilishwa. Siku zilipita, tuliendelea kupewa maji yaleyale. Basi asubuhi moja mama mdogo akakaa chini mbele ya kapu lake. Nami nikakaa. Kisha wote wakakaa.

Ombasha alikuja na kiboko. Alimpiga mama mdogo, akapiga wengine, na vilio vilikuwepo, sitasema tulinyamaza kama mawe. Lakini hakuna aliyenyanyuka.

"Mwambie bwana mkubwa," mama mdogo akamwambia, "tutabeba mawe yake tukipewa maji ya kisimani. Tukinywa haya tutakufa, na waliokufa hawabebi kitu."

Tulikaa mpaka jua likawa kali. Adhuhuri tukamwona bwana mganga akienda bomani kwa hatua ndefu, na sauti zikasikika kutoka ndani, za Kijerumani, za ugomvi. Mkalimani aliniambia baadaye kwamba hakututetea kwa huruma. Alimwambia bwana mkubwa kwamba kuhara hakujui uzio, kutawafikia askari, kisha kutawafikia wao. Haikunihusu alisema kwa sababu gani. Alasiri yalikuja mapipa ya maji ya kisima cha mjini, na shimo likafukiwa, na sisi ndio tuliolifukia, kwa furaha ambayo ombasha hakuielewa. Kuhara hakukwisha mara moja. Walikufa wengine waliokuwa wamekwisha kuchukuliwa nako. Lakini wapya hawakuongezeka.

Habari za mume wangu zilikuja mwanzoni mwa ile njaa kubwa iliyofuata vita, zikiletwa na mwanamke aliyekamatwa karibuni. Alikuwa amekufa msituni, kwa njaa, tangu zamani, kabla ya mimi kulala mbele ya ile sindano. Walitaka nimuuze mtu aliyekwisha kufa. Nililia siku hiyo kwa ajili yake, na sikulia kwa ajili ya jibu nililolitoa. Ningelijua, ningejibu vilevile. Ombasha aliposikia akasema, basi ungesema tu, ungekula wali.

Tulipokosa faida kwao walitufungulia. Hakuna aliyetuaga isipokuwa mkalimani, ambaye alitupa mtama kidogo katika kitambaa na kumwamkia mama mdogo shikamoo, yeye mtu wa mjini mwenye kanzu, mbele ya askari. Mama mdogo akaitikia marahaba kana kwamba alikuwa akiingoja. Bwana mganga nilimwona kwa mbali. Alinyanyua mkono kidogo. Nami niliunyanyua wangu, kiasi kilekile, si zaidi. Sindano yake iliniokoa, na silifichi. Serikali yake ndiyo iliyoniletea ugonjwa, nalo silifichi.

Nchi tuliyoirudia ilikuwa majivu na magugu. Tulikula mizizi na majani mwaka ule, na wengi hawakuuvuka. Tulipopata mbegu tukaanza kulima, na hapo jumbe mpya, aliyewekwa na Mdachi, akaja na amri: watu wote wahamie kandokando ya barabara, wajenge mstari mmoja, ili waonekane na kodi ikusanyike. Anayebaki porini, nyumba yake itavunjwa.

Mama mdogo alikuwa akikandika udongo ukutani. Hakuacha kazi.

"Bwana jumbe," akasema, "makaburi ya watu wangu yako hapa, na maji ya mto huu ni safi. Mwambie bwana wako tumefanya kazi ya mawe, tunajua kujenga. Wakiivunja tutaijenga."

Waliivunja mara moja tu, mwishoni mwa masika. Tuliijenga kabla ya mavuno, mimi nikikanyaga udongo na yeye akikandika, na hawakurudi.